Datsun 1200 ya Baba na Ekseli za Maruti

Shamba letu liko upande wa Kuresoi, kilomita sita kutoka pale lami inapoishia, na kati ya Machi na Mei kilomita hizo sita huwa ndefu kuliko safari nzima ya kutoka Nakuru kupitia Njoro, Elburgon na Molo. Udongo wa huko ni mwekundu na laini, na mvua za masika zikishika huteleza kama sabuni iliyoloweshwa. Baba ameipita njia hiyo kwa Datsun 1200 aliyoinunua mwaka wa 1973, yenye namba ile ya zamani isiyo na herufi mkiani, na kwa miaka mingi mbinu yake ya kuvuka matope ilikuwa moja tu: magunia mawili ya viazi ndani ya buti. Viazi hivyo havikwenda sokoni. Vilikwenda na kurudi, vikiikandamiza ekseli ya nyuma ili magurudumu yapate kushika, mpaka vikaanza kuota, ndipo Mama alipovidai kwa ajili ya mbegu.

Kwa asiyelijua, Datsun 1200 ni gari dogo lenye injini mbele na linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini yake ina ukubwa wa sentimita za ujazo 1,171, giaboksi ina gia nne, ringi ni za inchi 12, na gari zima lina uzito wa kilo 700 hivi. Wepesi huo ndio uzuri wake wote na ndio ugonjwa wake wote, kwa kuwa uzito mwingi umekaa juu ya magurudumu ya mbele ambayo kazi yake ni kugeuka tu, ilhali yale yanayosukuma hayana cha maana juu yake isipokuwa tangi la petroli na tairi la akiba.

Nilipomwambia Baba kwa mara ya kwanza kwamba nafikiria kulifanya gari lake livute kwa magurudumu yote manne, alinijibu kwa historia. Alinikumbusha kwamba Shekhar Mehta alishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z mwaka wa 1973, mwaka ule ule alionunua hii yake, kisha akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 kwa magari ya kampuni hiyo hiyo, na katika ushindi wote huo hapakuwa na gurudumu la mbele lililovuta. Sikuweza kumpinga. Hata baada ya Audi kuleta Quattro mwaka wa 1980 na kugeuza mashindano ya Ulaya, ushindi wa Safari uliendelea kwenda kwa magari yanayosukumwa nyuma, la mwisho likiwa Toyota Celica ya Björn Waldegård mwaka wa 1986. Mwaka uliofuata Hannu Mikkola alishinda kwa Audi 200 quattro, na baada yake zikaja Lancia Delta na Toyota Celica za magurudumu manne. Nilimweleza hayo nikidhani nimemshika.

“Mwanangu,” akasema, “Mikkola hakuwa anapeleka viazi Molo.”

Kilichomlegeza hatimaye hakikuwa hoja yangu. Usiku mmoja wa Aprili yeye na Mama walilala ndani ya gari hadi alfajiri, ekseli ikiwa imezama topeni, wakisubiri trekta la jirani. Wiki iliyofuata alinikabidhi ufunguo bila maneno mengi, ila alinitaka nisimbadilishie rangi.

Mimi ni mpimaji wa ardhi. Ninataja kazi yangu kwa sababu ni aibu inayohusika na simulizi hii: mtu aliyelipwa kwa zaidi ya miaka ishirini ili apime kabla ya mwenzake kuchimba alikubali chuma kikatwe kabla ya kupima. Nilikuwa nimesoma kwamba huko Ufaransa kampuni ya Dangel iliigeuza Peugeot 504 kuwa gari la magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikajiambia kwamba lililowezekana kwa 504 litawezekana kwa Datsun. Sikujiuliza ni michoro mingapi iliyotangulia msumeno wao wa kwanza.

Fundi niliyemwendea yuko katika eneo la viwanda la Nakuru, mzee wa miaka sitini na kitu aliyejifunza kazi kwa Peugeot 404. Alilizunguka gari mara mbili, akainama, akagonga sakafu kwa kidole, kisha akasema jambo ambalo nililipuuza kwa miezi mitatu: “Hili halina chesisi, bwana mpimaji. Hili ni debe.” Alimaanisha kwamba Datsun 1200 haikujengwa juu ya fremu kama pikapu kubwa; bati lake lenyewe, lililokunjwa na kuungwa, ndilo linalobeba kila kitu.

Kuhusu chanzo cha vipuri hatukubishana. Tulihitaji Maruti, ile Suzuki iliyoundwa India ambayo wakulima wa huku wanaijua kwa uvumilivu wake topeni, kwa sababu moja kubwa. Katika magari mengi ya magurudumu manne, transfa, yaani giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma, imeshikamana na giaboksi kuu, na ukiitaka hiyo huna budi kuchukua na giaboksi yake na pengine injini pia. Katika Suzuki za aina hii transfa imekaa peke yake katikati ya gari, na huunganishwa na giaboksi kwa propela fupi, yaani shafti inayopeleka mzunguko. Unaweza kuitoa kama unavyotoa sufuria jikoni. Nguvu hutoka kwenye giaboksi yako ya zamani, hupita kwenye ile propela fupi, huingia katika transfa, kisha hutoka kwa propela mbili, moja mbele na moja nyuma.

Tuliipata Maruti ya injini ya 1,300 huko Kisumu. Ilikuwa imebiringika, chesisi imepinda na paa limelala juu ya viti, lakini chini kulikuwa kuzima. Ilipofika Nakuru juu ya lori, kijana anayemshikia fundi mipira ya gesi aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa adabu kwa nini tusiinyoshe tu hiyo Maruti tukaiendesha. Sijawahi kusikia swali bora zaidi tangu kazi hiyo ianze, na hakuna aliyelijibu.

Kishawishi cha kwanza kilikuwa kuiacha ekseli ya nyuma ya Datsun mahali pake na kuongeza ile ya mbele tu. Ingepunguza kazi nusu. Ili kujua kama inawezekana, tulichora alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi la kila ekseli, tukazungusha magurudumu yote mawili kwa pamoja mzunguko mmoja, tukahesabu propela imezunguka mara ngapi. Zote mbili zilitoa nne kasoro kidogo, na fundi alifurahi. Mimi pia nilifurahi, mpaka nilipokumbuka matairi. Ringi ya Datsun ni ya inchi 12 na ina nati nne. Ya Maruti ni ya inchi 15 na ina nati tano zilizopangwa kwa duara pana zaidi, kwa hiyo huwezi kuvalisha ringi za namna moja mbele na nyuma bila kutengeneza vipande vya kuunganishia. Na transfa hii haina difu ya katikati, yaani gia za kuruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Ukishaingiza gia ya magurudumu manne, propela ya mbele na ya nyuma zinalazimika kuzunguka sawasawa kama ng'ombe wawili chini ya nira moja. Tairi la mbele likiwa na mzingo wa mita 2.10 na la nyuma mita 1.74, gari litakuwa linajiburuta lenyewe kila hatua, na kitakachovunjika kwanza ni bahati tu itakayoamua. Tuliamua kuchukua ekseli zote mbili, ringi zote na matairi yote kutoka kwenye gari moja. Katika kazi nzima huo ndio uamuzi ambao sijaujutia hata siku moja.

Majuto yalianzia kwenye springi. Ekseli ya mbele ya Maruti ni bomba moja linalovuka gari kutoka upande hadi upande, nayo hukaa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Datsun kwa mbele ina shokapu ndefu zilizosimama zenye springi za kuviringwa, na haina mahali popote pa kufungia springi bapa. Tulitengeneza mabano ya chuma cha milimita sita, tukayachomelea moja kwa moja kwenye bati la chini, na siku tuliposhusha gari kutoka kwenye jeki likasimama kwa miguu yake, juu kama mbuzi kwenye kichuguu, tulinunua soda. Baada ya wiki tatu za majaribio mafupi nilisikia mlio kama wa mlango wa zamani kila nilipokanyaga breki. Bano la kushoto lilikuwa limeanza kung'oka pamoja na bati lake. Mchomeleo wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Ni bati la kando yake, lenye unene usiozidi milimita moja, lililopasuka kwa kufuata ukingo wa mchomeleo kama stempu inavyochanika penye vitundu.

Ndipo nilipokumbuka debe. Tulirudi nyuma, tukatoa kila kitu, tukatengeneza reli mbili za chuma cha mraba zilizokimbia chini ya gari kutoka mbele hadi nyuma, zikaunganishwa kwa vyuma vitatu vya kukingama, na mabano yote ya springi na ya transfa yakafungwa kwenye reli hizo, si kwenye bati. Bati lenyewe lilishikwa na reli kwa boliti nyingi zilizopita katikati ya sahani pana, ili mzigo usambae. Kwa maneno mengine, tuliitengenezea Datsun chesisi ambayo haikuwahi kuwa nayo. Vikombe vya juu vya shokapu za zamani tuliviacha, navyo vinashikilia shokapu mpya, kwa kuwa hapo ni pahali pamoja ambapo kiwanda kilikuwa tayari kimeimarisha bati kwa ajili ya kazi hiyo.

Laiti ningeanza na utepe wangu wa kupimia, ningeona mapema kwamba umbali kati ya ekseli mbili za Maruti ni milimita 2,375 na wa Datsun ni 2,300, na kwamba tofauti hiyo ya sentimita saba na nusu ndiyo ingeamua kama difu ya mbele itapita chini ya sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, au itaigonga. Sisi tuliigonga. Tuliinua mwili wa gari zaidi ya tulivyokusudia, na kila sentimita tuliyoinua ililipiwa baadaye na propela.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipotumia miezi mingi na kujifunza mengi. Propela huungwa kwa krosi, yaani kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu kupinda ikizunguka, na krosi ina tabia isiyoonekana kwa macho. Shafti ya kwanza ikizunguka kwa mwendo usiobadilika, na ya pili ikawa imeinama kwa pembe, ya pili haizunguki kwa mwendo huo huo: hukimbia kidogo na kuchelewa kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa ndogo hutaihisi. Pembe ikiwa kubwa, gari zima litaimba. Krosi iliyo upande wa pili wa propela hulifuta kosa la ile ya kwanza, lakini kwa masharti mawili: pembe za pande zote mbili ziwe sawa, na uma mbili za ncha za propela ziwe zimelala kwenye mstari mmoja. Propela yetu ya nyuma ilifupishwa kwa kukatwa na kuchomelewa upya kwenye leithi, na aliyeichomelea aliinyosha vizuri sana ila uma moja ikakaa imegeuka kwa kiasi cha kama saa moja kwenye uso wa saa. Kuanzia kilomita 50 kwa saa kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa hakionyeshi kitu ila ukungu. Tulibadilisha krosi, tukabadilisha mipira ya transfa, tukapimisha uwiano wa magurudumu, na siku moja nikiwa nimelala chini ya gari nikisubiri chai ndipo nilipoziona uma mbili na kujua, kwa jicho lile lile ninalotumia kulinganisha vigingi viwili shambani, kwamba haziko kwenye mstari.

Propela ya mbele ilikuwa na shida yake. Kwa kuwa mwili ulikuwa juu na transfa imepanda pamoja nao, propela ilishuka kwa pembe kali kuelekea difu ya mbele. Fundi alipendekeza tuizungushe ekseli ya mbele kidogo ili pua ya difu iinuke kuitazama transfa. Tulifanya hivyo kwa kuweka kabari chini ya springi, na kelele zikaisha. Gari likawa haliendesheki. Mstari unaounganisha pini za juu na za chini ambazo gurudumu hugeukia unatakiwa uiname nyuma kidogo, digrii tatu hivi, kama uma wa mbele wa baiskeli; mwinamo huo ndio unaofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Ekseli ni kipande kimoja. Ukiinua pua ya difu iliyo nyuma yake, vichwa vya pini vinalala mbele, na mwinamo unapotea. Nilitoka karakanani nikakata kona ya kushoto, na usukani ukabaki kushoto kama punda aliyeona majani.

Fundi aliyekuwa ameketi kando yangu akasema, kwa utulivu usiofaa kwa wakati ule, “Chombo cha kuzama hakina usukani.”

Hapakuwa na jibu lililotupa yote mawili. Tulitoa kabari, tukarudisha mwinamo wa pini, kisha tukaishusha transfa kwa sentimita nne kwa kuipa mabano mapya, tukakubali kwamba propela ya mbele italalamika kidogo tukipita kilomita 60 kwa saa katika gia ya magurudumu manne. Kwa kuwa mtu mwenye akili hana sababu ya kukimbia kasi hiyo akiwa katika gia hiyo, lalamiko hilo tumeliacha. Magurudumu ya mbele ya Maruti yetu yana vishikizo vya kufungua na kufunga kwa mkono kwenye kitovu. Vikifunguliwa, propela ya mbele hutulia kabisa kwenye lami.

Fimbo ya usukani nayo ilitufundisha adabu. Inatakiwa ilale karibu sambamba na ekseli, ili springi zikipanda na kushuka isiwe inayasukuma magurudumu kando. Ya kwetu ilishuka kama ngazi kwa sababu kikasha cha usukani kilikuwa kimeinuliwa pamoja na mwili, na kila tuta lilikuwa linageuza gari kuelekea mtaroni. Tulishusha kikasha. Sentensi hiyo ni fupi lakini kazi yake ilikula siku tisa.

Breki ndizo nilizozichukulia kwa wepesi kuliko vyote, na zingeweza kunigharimu zaidi ya fedha. Tuliunganisha mabomba ya Datsun kwa kalipa, yaani vibano vya breki, za Maruti, tukatoa hewa, pedali ikawa ngumu kiasi, tukaridhika. Lakini kalipa hizo zinahitaji mafuta mengi kuliko masta silinda ya Datsun, ile pampu iliyo kwenye pedali, inayoweza kusukuma kwa kanyagio moja. Katika jaribio la kwanza la kweli, nikiwa kwenye kichochoro cha karakana na si barabarani, namshukuru Mungu, pedali ilishuka hadi sakafuni na gari likaendelea na safari yake mpaka kwenye lundo la mchanga la mtengeneza matofali. Nilimlipa mchanga wake. Tangu siku hiyo masta silinda na busta ni za Maruti, na mabomba yote ni mapya. Yeyote atakayeniuliza aanzie wapi, ninamwambia aanze na breki hata kabla hajanunua transfa, na ninasema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetapika mchanga.

Tulipomaliza, nilipeleka gari kwenye mizani ya malori ya kinu kimoja cha unga. Ilisoma kilo 940. Tulikuwa tumeiongezea zaidi ya kilo 200, ambazo ni sawa na kuendesha daima na watu watatu wazima waliokaa kimya. Injini ni ile ile. Isitoshe, transfa ya Maruti haipitishi mzunguko kama ilivyoupokea hata katika gia zake za juu. Huupunguza kwa karibu mara 1.4. Matairi makubwa yanarudisha sehemu ya hasara hiyo, si yote. Katika kilomita 80 kwa saa, injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 hivi kwa dakika sasa huzunguka karibu mara 3,500. Ule wepesi wa kutoka Njoro kuelekea Elburgon asubuhi, madirisha yakiwa wazi na gari likipanda bila kushusha gia, umekwenda na haurudi. Sikumwambia Baba mapema kwamba hilo ndilo lingekuwa malipo, kwa sababu na mimi sikulijua.

Upande wa karatasi sikukawia kuuchukulia kwa uzito. Mabadiliko ya namna hii hayafichwi: nilitoa taarifa kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, gari likakaguliwa, na niliiandikia bima barua iliyoeleza kila kilichobadilishwa. Ilichukua muda kuliko nilivyotaka. Lakini kuna watu wengi barabarani wenye magari yaliyogeuzwa na bima inayoelezea gari lingine kabisa, na siku ya ajali ndipo watakapogundua kwamba wamekuwa wakilipia kivuli.

Mvua zilipokuja, nililipeleka Kuresoi mwenyewe. Pale lami inapoishia nilishuka, nikafunga vishikizo vya magurudumu ya mbele, nikaingiza gia ya magurudumu manne, kisha zile za chini kabisa. Katika gia ya kwanza ya chini, injini ikiwa imetulia bila kukanyagwa, gari hutembea kilomita tatu kwa saa, mwendo wa mzee aliyebeba jembe, na halijali kama mbele kuna tope au hakuna. Tulipita palipomlaza Baba usiku ule bila kusita. Mita mia mbili mbele tulikwama. Gurudumu la mbele la kushoto na la nyuma la kulia yalikuwa hewani kwenye mtaro uliokatisha njia, yakizunguka kwa furaha, na mawili yaliyokuwa ardhini yamesimama tuli. Difu za kawaida hulipa nguvu gurudumu lisilo na kazi. Kuwa na ekseli mbili zinazovuta kunamaanisha tu kwamba unahitaji magurudumu mawili yaliyopoteza mshiko badala ya moja. Tuliweka mawe, tukatoka. Na nikiwa mkweli, baada ya misimu miwili ninaamini kwamba nusu ya tulichokipata kimetoka kwenye matairi mapana yenye meno na ule urefu wa kutoka ardhini, vitu ambavyo ringi za inchi 12 zisingeruhusu.

Kosa la mwisho lilikuwa langu peke yangu. Nikirudi, nilisahau kutoa gia ya magurudumu manne, nikaingia lami ya Molo hivyo hivyo, nikapiga kona mbili za mjini. Kwenye kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Topeni tofauti hiyo hufutwa na utelezi, lakini kwenye lami haina pa kwenda, na propela hujisokota kama kamba ya kisima. Usukani ulikuwa mzito, na mkono wa gia ulikataa kutoka kabisa. Mwenye duka la mbolea alikuja akasema nirudi nyuma taratibu mita chache. Nilirudi, kitu kikapiga kelele moja chini, na mkono ukatoka kwa kidole kimoja. Sikumuuliza alijuaje, nje ya duka lake kulikuwa na Maruti.

Baba hakuliendesha kwa miezi minne. Alisema limekuwa refu na anahitaji ngazi. Kisha Jumapili moja aliuchukua ufunguo, akaenda nalo Elburgon kumtembelea mwenzake wa kanisani, na aliporudi alitangaza mezani kwamba gari halikuharibika jinsi alivyohofia, kwa maana linakimbia themanini kama lilivyokimbia mwaka wa 1973. Nilitazama sahani yangu. Kebo ya spidi bado imeungwa kwenye giaboksi ya Datsun, kabla ya transfa, kwa hiyo haijui habari za upunguzaji wala za matairi makubwa. Mshale ukionyesha 80, gari linakwenda 68 hivi, na kwenye gia za chini huonyesha karibu mara mbili ya mwendo wa kweli. Kilomita nazo hujiandika kwa wingi usiostahili, kitu kinachomfanya Baba abadilishe oili mapema, na injini ya umri ule haitalalamika kwa hilo. Kebo ya Maruti ipo. Fundi ameitundika kwenye msumari karakanani, na kila nikipita huniuliza kama tuifunge, nami humwambia kwamba tutaifunga wiki ijayo.